Nani Aliyekataa?

Mhadhara uliotolewa mjini Arua, Uganda, mbele ya walimu, wafanyabiashara na wanafunzi wa kompyuta

Hamjambo wazee wangu, hamjambo vijana. Asante mwenyekiti. Wengine hapa mmeshanisikia nikilisema jambo hili sokoni, msibani, hata redioni. Nitalisema tena, kwa sababu bado linatutesa.

Naanza na neno moja: imekataa. Sistimu imekataa. Nani hapa hajaambiwa hivyo? Umepanga foleni tangu asubuhi, umefika dirishani, karani anatazama kioo chake, wewe hakutazami, kisha anasema, "Imekataa." Unafunga mfuko wako wa karatasi unarudi nyumbani. Ukiulizwa nani amekukatalia, huna jina la kutaja. Karani hajakataa, meneja hajakataa. Imekataa. Ile "i" ndogo mwanzoni mwa neno ndiyo tumeibebesha lawama zote.

Namwona mwalimu wa Kiswahili pale mbele anatikisa kichwa. Ataniambia kwamba hata gari tunasema limekataa kuwaka. Kweli, mwalimu. Lakini gari langu likikataa kuwaka namwita fundi. Anafungua boneti, anachomoa plagi, anaisugua kwa msasa, ananionyesha uchafu wenyewe kwenye kiganja chake. Na yeye akishindwa, kuna fundi mwingine ng'ambo ya barabara. Sasa sistimu ikikataa, boneti yake iko wapi? Nani mwenye ufunguo?

Niwaeleze habari ya shangazi yangu.

Shangazi amepita miaka 80. Tangu usichana wake amelima tumbaku: kuchuma majani, kuyafunga kwenye fito, kuyapanga kwenye banda la moto. Msimu wa tumbaku ukiisha, ni muhogo. Vidole vyake vimelainika kama mpini wa jembe. Siku moja simu yake, hizi za tochi, ikadondoka chooni. Imekwenda na laini yake, na kwenye laini kulikuwa na shilingi 180,000 alizotumiwa na mwanawe aliye Juba, pesa za mabati.

Tukaenda mjini kwenye duka moja la simu kurudisha laini. Kitambulisho cha taifa anacho, hakijapotea hata siku moja, anakifunga kwenye pindo la kitenge. Lakini kitambulisho hakitoshi, lazima kidole kisomwe kwenye kile kioo. Akaweka dole gumba. Taa nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu. Kijana akafuta kioo kwa pindo la shati lake. Nyekundu. "Imekataa, mama. Rudini wiki ijayo." Nikamuuliza, kwani wiki ijayo vidole vitakuwa vimeota mistari?

Safari ya pili tulikwenda na mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji. Huyo alibebwa mgongoni na shangazi alipokuwa mtoto. Alikuja na barua, na muhuri, na yeye mwenyewe kwa miguu yake. Karani akaipokea barua kwa mikono miwili, akaisoma yote, kwa heshima kabisa, akairudisha. Akasema, "Mzee, hapa hakuna pa kuiweka."

Nataka mkae na maneno hayo kidogo. Hakuna pa kuiweka. Tulikuwa watu wanne mle ndani. Mimi namjua shangazi. Mwenyekiti anamjua. Shangazi anajijua. Karani ameshika kitambulisho chenye picha, na uso wenyewe uko mbele yake, naye alikwisha kumjua pia. Watu wanne tunajua, kioo peke yake ndicho hakijui. Na aliyesikilizwa ni kioo! Tukapanda bodaboda tukarudi.

Safari ya tatu tulimkuta binti mwingine dirishani. Akamtazama shangazi mikono, akauliza alikuwa akifanya kazi gani. Akaomba maji ya moto kwa mama wa chai jirani, akayapoza kwenye beseni, akaishika ile mikono ndani ya maji kama unavyomwogesha mtoto. Akaikausha, akapaka mafuta kidogo, akafuta. Kisha akaanza: kidole baada ya kidole. Cha tisa, kidole cha pete cha mkono wa kushoto, taa ikawa kijani. Shangazi akapiga vigelegele, duka zima likageuka.

Hakuna uchawi pale. Mistari ya vidole huliwa na kazi na umri. Ngozi ikikauka haishiki kioo vizuri, na kioo kinasoma kile kinachokigusa tu. Waashi wa saruji wanalijua hili, wanaofua nguo za watu wanalijua. Yule binti hakufundishwa kazini. Alijifunza kwa mikono ya mama yake, anayeuza mkaa. Na bodaboda ilikuwa 20,000 kila safari, kwenda na kurudi. Piga hesabu. Theluthi ya mabati ya shangazi iliishia barabarani.

Najua nitaambiwa: mzee huyu anapinga maendeleo. Hapana, ndugu zangu. Mimi ni mtu wa mobile money tangu ilipoingia Uganda mwaka 2009, na siwezi kurudi siku za kumpa dereva wa basi bahasha. Lakini semeni kweli, ni nini kilichoifanya ikubalike hadi vijijini? Mnasema simu. Mimi nasema wakala. Yule mama chini ya mwavuli wa njano, mwenye daftari na kalamu iliyofungwa uzi. Asiyejua kusoma anasomewa ujumbe. Floti, yaani pesa za wakala kwenye simu, ikiisha, wakala anakwambia ngoja, namtuma kijana kwa jirani. Ukituma pesa kwa namba isiyo yako, unamkimbilia yeye, na yeye anajua pa kupiga simu. Mashine ile ina mtu mlangoni, na mtu huyo ana uso na anaishi mtaani kwako.

Mwingine ataniambia LC1 nao wanauza mihuri, wanawaandikia barua hata wageni wasiowajua. Ndiyo, wapo, na nimewalipa pia, kwa uchungu. Lakini mwenyekiti anayeuza muhuri najua nyumba yake. Naweza kwenda jioni nikamgombeza mbele ya wanawe. Mwaka 2018 tulipanga mstari nyuma ya wagombea tukachagua wengine. Nioneshe mstari wa kuchagua kioo kingine.

Na kuna kijana ameniambia pale nje, "Mzee, hilo limekwisha, sasa wanapiga picha ya mboni." Ni kweli, katika usajili mpya wa vitambulisho ulioanza mwaka 2025 mboni ya jicho inachukuliwa. Vizuri. Bibi mwenye mtoto wa jicho tutamwambia nini? Arudi wiki ijayo? Wazee wanaopewa zile shilingi 25,000 za serikali za kila mwezi, wengi ni wa miaka 80 na zaidi. Hao ndio wenye vidole vilivyokwisha na macho yenye ukungu, na hao ndio tunaowapeleka kwanza mbele ya kioo.

Nilitaka kusema pia juu ya lugha: Baraza la Mawaziri lilikubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini ujumbe unaoingia kwenye simu ya shangazi bado ni Kiingereza. Nilitaka kusema juu ya kodi, ile ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018, shilingi 200 kwa siku, na iliyoirithi mwaka 2021, asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Na juu ya kuzimwa kwa intaneti, kuanzia tarehe 13 Januari 2021 hadi 18, ingawa siku zile hakuna aliyesema imekataa. Kila mtu alijua kuna mkono uliozima. Mwenyekiti wa mkutano ananionyesha saa, nayaacha.

Nyinyi mnaosomea kompyuta, niwaombe jambo moja. Mkitengeneza fomu, wekeni mahali pa barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mstari mmoja tu, karani aandike: "Namjua mtu huyu, nimemwona, nimempitisha," aweke jina lake chini, na mkubwa wake aulizwe kesho. Akidanganya, tuna jina. Mtaniambia ni vigumu, usalama, wezi wa laini. Wezi wapo, najua, wameniibia. Lakini mwizi haji na mwenyekiti wa kijiji mkononi.

Shangazi siku hizi akifika dirisha lolote hasubiri kuulizwa. Anatanguliza kile kidole cha pete cha kushoto, amekisugua mafuta tangu nyumbani. Vijana wa kompyuta, msiondoke baada ya maswali. Nimewaona na kompyuta zenu pale nyuma. Nataka mnifungulie hizo fomu mnazotengeneza, mnionyeshe karani anaandikia wapi.