Ufa Unaanzia Nyuma ya Kava: Mhadhara kwa Mafundi Pikipiki

Ndugu mafundi wenzangu, na ninyi madereva wa bodaboda mliokuja kutusikiliza, asanteni kwa kufika.

Kava hili la pembeni nililolishika lilikwisha kutengenezwa mara tatu kabla halijafika mikononi mwangu. Mbele limepakwa supaglu, juu ya supaglu likapakwa puti, na juu ya puti likapuliziwa rangi nzuri ya bluu. Lakini nikiligeuza hivi, mnaona wenyewe kwamba ufa ule ule umetembea sentimita nne zaidi kuelekea kwenye tundu la bolti. Uso wa kava ulitengenezwa, na kava lenyewe likaachwa liendelee kupasuka. Jambo hili linaniuma, kwa sababu dereva alilipa mara zote tatu kutoka katika fedha ambayo angeipeleka kwa tajiri wake kama hesabu ya siku.

Kabla hujashika kifaa chochote, lioshe kava kwa sabuni, kisha utafute upande wa nyuma herufi ndogo zilizochapwa kiwandani. Mara nyingi utakuta ABS au PP, ambazo ni aina mbili za plastiki. Herufi zikiwa zimefutika, kata kijipande kutoka sehemu isiyoonekana, ukizamishe katika maji yenye sabuni kidogo na kukisugua ili viputo vya hewa vitoke, halafu ukiachie: PP huelea, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, na ABS huzama. Msilione jaribio hili kuwa la kitoto, kwani asetoni, kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha, huyeyusha ABS kabisa ilhali PP haidhuriki nayo, na gundi nyingi zinazouzwa madukani hazishiki PP hata ukizipaka mara kumi.

Sasa tuutazame ufa wenyewe. Kitambaa ambacho mikono miwili ilishindwa kukichana, kikishapata mpasuko mdogo pembeni, huchanika kwa kuvutwa kidogo tu, kwa sababu nguvu yote hukusanyika kwenye ncha ya mpasuko. Plastiki ni hivyo hivyo. Likunje kava taratibu mbele ya mwanga, na kama ni ABS utaona mstari mweupe mwembamba ukitangulia mbele ya ufa unaouona kwa macho. Mwisho wa mstari huo ndipo unapotoboa tundu la milimita mbili au tatu. Ukingo wa mviringo huisambaza nguvu iliyokuwa imekusanyika kwenye ncha kali, na ufa unakosa pa kuendelea. Kazi hii haichukui hata dakika mbili, nami nimeona makava mengi yaliyorudi gereji kwa sababu tu haikufanyika.

Baada ya hapo, ziunganishe kingo zilingane vizuri, uzishike kwa utepe wa karatasi upande wa mbele, na nguvu ya kazi uiweke upande wa nyuma. Chonga mfereji wenye umbo la V kufuata ufa, bila kutoboa mpaka mbele, kisha ulaze kipande cha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu na ukikandamize kwa chuma cha kulehemu mpaka kizame ndani ya plastiki. Plastiki inapaswa kulainika kama nta. Ikianza kutoa moshi, unaiunguza, na plastiki iliyoungua haina nguvu tena. Hewa yake pia inadhuru, kwa hiyo fanyeni kazi hii mahali pa wazi.

Kwa ABS, jazeni mfereji kwa uji wa plastiki ile ile: vunjavunja kava bovu la ABS, loweka vipande katika asetoni ndani ya chupa ya kioo, ufunike hadi kesho yake. Paka tabaka jembamba, subiri likauke, ndipo upake jingine, na usiguse msasa kabla ya saa 24, maana asetoni iliyonaswa chini huacha viputo na ulaini. Tafadhali sana, mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na unaweza kulifikia jiko la mkaa la mama ntilie aliye jirani. Kwa PP, yeyusheni ujiti wa PP na si kitu kingine. Msasa na rangi mnavifahamu.

Kofia ngumu msiitengeneze kwa njia hii hata kama gamba lake ni la ABS. Kofia iliyopasuka imekwisha kupokea pigo lake, itupwe.

Mwisho ni kurudisha kava mahali pake. Angalieni tundu hili la bolti: raba imepotea, bushi (kijibomba cha chuma kinachopitisha bolti) haipo, na bolti imekazwa plastiki juu ya chuma, hivyo kila mtikisiko wa injini uliingia moja kwa moja kwenye kava. Wekeni raba mpya na bushi yake, mkaze kwa mkono mpaka raba ianze kubonyea kidogo, kisha mwache hapo.