Nani Anapoteza Nini?

Mwenyekiti, ndugu viongozi wa taasisi, ndugu wawakilishi wa wafanyakazi, asanteni kwa kunialika. Ratiba yenu ilikuwa na mihadhara miwili: mmoja wa kuongoza mabadiliko, mwingine wa kumaliza migogoro kwa majadiliano. Nimeomba niiunganishe. Kwa miaka yote niliyofanya usuluhishi sijakuta badiliko kubwa la taasisi ambalo, ukilichimba, halina ugomvi wa nani anapoteza nini.

Nianze na kiwanda cha nguo za kulalia. Kilikuwa katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, Marekani, na kikiitwa Harwood. Wafanyakazi walilipwa kwa kipande, yaani kadiri walivyozalisha. Kila njia ya kazi ilipobadilishwa uzalishaji ulianguka, watu wakanuna, wengine wakaacha kazi. Uongozi ulijaribu hata kuwapa posho waliohamishwa, lakini haikusaidia. Ndipo Lester Coch, meneja wa utumishi wa kiwanda hicho, na mwanasaikolojia John French wakafanya jaribio walilolichapisha mwaka 1948.

Kundi la kwanza liliitwa kikaoni na kuambiwa kwamba kutokana na ushindani kazi imebadilika, kiwango kipya cha malipo ni hiki, mwenye swali aulize. Maswali yakajibiwa, watu wakarudi kazini. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Kikao hicho mnakijua. (Kicheko.) Ndani ya siku 40 asilimia 17 ya kundi hilo walikuwa wameacha kazi, na uzalishaji wa waliobaki haukurudi ulipokuwa.

Makundi mengine yalianza kwa kuonyeshwa nguo mbili. Moja ilikuwa imeuzwa kwa bei mara mbili ya nyingine. Wakaulizwa ipi ni ya bei nafuu, wakashindwa kuzitofautisha. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya hotuba kuhusu ushindani. Kundi moja likachagua wawakilishi wa kushiriki kupanga kazi mpya. Mengine mawili yakashirikisha kila mtu. Yote yalirudia kiwango chake cha zamani, na yale yaliyoshirikisha wote yakakipita. Humo hakuna aliyeacha kazi.

Lakini kinachonivutia mimi ni mkia wa habari hiyo, ambao wengi huuruka. Baada ya miezi miwili na nusu, watu 13 waliosalia wa lile kundi la kwanza walikusanywa tena na kupewa kazi nyingine mpya, safari hii kwa kushirikishwa wote. Wakaizoea haraka, bila ugomvi. Ni watu wale wale! Kwa hiyo kiongozi akiniambia, “Watu wangu ni wagumu, hawapendi mabadiliko,” huwa namwomba anisomee jinsi alivyowatangazia.

Angalieni pia kile ambacho hawakuulizwa. Hakuna aliyewaambia wapige kura kama gharama ishuke au isishuke. Hilo lilikuwa limekwisha amuliwa, na haja yake walionyeshwa wazi. Mjadala ulikuwa wa namna ya kuishusha. Hapa ndipo viongozi wengi wanapoharibu: wanaita “kikao cha kupokea maoni” wakati uamuzi uko mfukoni. Watu si watoto. Wakigundua, na lazima watagundua, hata kile ambacho kweli kilikuwa wazi kwa majadiliano hawatakigusa. Ni heri useme siku ya kwanza: hili limekwisha, hili na hili bado, njooni tuyapange.

Sasa nije kwenye majadiliano yenyewe. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na sisi wasuluhishi tumeufanya msemo huo kuwa ajira. Mmoja anataka kumi, mwenzake anatoa nne, tunawafikisha saba, wanapeana mikono, tunakula chakula cha mchana. Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeandika kuhusu uongozi, hakuridhika na kazi ya namna hiyo. Katika miaka ya 1920 alieleza kisa kidogo kilichomkuta katika chumba cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mtu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka libaki limefungwa. Wakafungua la chumba cha pili, ambako hapakuwa na mtu. Mwenzake alihitaji hewa. Yeye hakutaka upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja. Kama wangegawana, dirisha lingekaa nusu, na wote wawili wangebaki na manung’uniko.

Mtasema dirisha ni jambo dogo. Mwaka 1978, Misri na Israeli zilikaa siku 13 Camp David, makazi ya mapumziko ya rais wa Marekani. Mojawapo ya mambo mazito lilikuwa rasi ya Sinai, ambayo Israeli iliiteka mwaka 1967. Misri ilitaka ardhi yake yote, Israeli iliogopa vifaru mpakani. Mstari wowote uliochorwa katikati ya Sinai ungekataliwa. Suluhu ilikuwa kuirudisha rasi yote kwa Misri na kuweka maeneo ambamo majeshi na silaha viliwekewa kikomo. Waamerika, waliokuwa wasuluhishi, hawakuwaambia wajumbe walete mapendekezo yao yashindanishwe. Waliandika rasimu moja, kila upande ukaikosoa, wakaiandika upya, mara zaidi ya 20. Mbinu hiyo inafaa hata kwenye mgogoro wa zamu za kazi: mtu hukosoa karatasi isiyo ya mpinzani wake bila kuona amesalimu amri.

Niwape kisa changu, nacho hakinipi sifa. Niliitwa katika ofisi moja iliyokuwa ikihamisha kumbukumbu zake kutoka kwenye majalada kwenda kwenye kompyuta. Vijana wawili walipinga kwa sauti vikao vizima, nami nikatumia wiki mbili kuwajibu. Mwenye kelele hana neno. Kumbe aliyekuwa na neno ni mzee wa masijala, aliyekaa kimya na kusema “ndiyo” kwa kila kitu. Kwa miaka mingi hata mkurugenzi alikuwa akipanda ngazi kwenda kumuuliza jalada liko wapi. Kompyuta ilikuwa inamnyang’anya kitu ambacho hakimo katika mkataba wowote wa ajira. Majalada yakawa hayapatikani, na mfumo mpya ukakwama. Tulipomfanya yeye ndiye wa kuamua jinsi kumbukumbu zitakavyopewa majina, yakapatikana. Sikuwahi kumuuliza yalikuwa wapi.

Mambo mengine nitayapita haraka. Jueni mtafanya nini majadiliano yakivunjika, kabla hamjaingia chumbani. Msijadiliane kwa ujumbe wa simu usiku.

Nimalizie na ahadi, maana hapo ndipo makubaliano mengi yanapofia. Kiwanda cha magari cha General Motors huko Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro na migomo. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, pamoja na chama chao cha wafanyakazi. Chama kilikubali kuachia kitu kikubwa: aina za kazi zilizokuwa zaidi ya 80, kila moja na uzio wake, zikabaki chache za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Uongozi nao uliandika kwamba hautapunguza wafanyakazi isipokuwa uhai wa kampuni uwe hatarini, na hata hapo utaanza kwa kupunguza mishahara ya wakubwa na kurudisha ndani kazi zilizopewa makandarasi.

Kuandika hivyo ni rahisi. Mwaka 1988 mauzo yalianguka, na mitambo ikawa na nafasi kubwa isiyo na kazi. Wafanyakazi wakasubiri barua. Barua hazikuja, walipelekwa mafunzoni na kwenye kazi za matengenezo, wakiendelea kulipwa. Nadhani ile suti na tai ya siku ya kutia saini haikuwashawishi watu wale kiasi cha miezi ile waliyolipwa huku magari hayauziki.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nipokee maswali, na nianze na yule mama wa safu ya tatu, ambaye ametikisa kichwa tangu nilipotaja chama kuachia kitu.