Vuta Kitasa Kabla Hujaondoka

Asante mwenyekiti. Naomba tuanze na mikono. Waliokuja na gari leo, nyoosheni. Wengi. Haya, teremsheni. Sasa wanyooshe waliofunga gari kwa rimoti. Wale wale. Swali la tatu, na msinidanganye: nani alivuta kitasa cha mlango kabla hajaondoka?

Wanne. Watano, kama yule kijana pale nyuma ananyoosha mkono na hajikuni kichwa.

Ndiyo maana nikialikwa kuzungumzia wizi kwenye maegesho huwa sikatai. Nimelisema jambo hili mpaka wanangu wakiniona nimeshika ufunguo wananitangulia: "Baba, vuta kitasa." Wanadhani wananitania. Mimi nafurahi, maana angalau wamelishika.

Dada unayenyanyuka, nenda kaangalie. Hakuna anayekucheka. Tutakuwepo, sina mpango wa kumaliza mapema.

Nitawaeleza kilichonipata. Waliokwishakisikia kisa hiki wavumilie, mimi mwenyewe bado kinaniuma. Nilifika kwenye maegesho ya jengo moja la ghorofa, mchana kweupe, nina mkutano wa nusu saa. Mkoba wenye kompyuta nikauweka chini, nyuma ya siti ya dereva. Nikashuka simu iko sikioni. Nilipofika kama hatua kumi hivi nikanyoosha mkono juu ya bega bila kugeuka, nikabonyeza rimoti. Mnaujua ule mkono. Ule mkono wa madaha, mtu anafunga gari kama anafukuza nzi.

Niliporudi gari lilikuwa vilevile nilivyoliacha. Vioo vizima, milango imerudishiwa, hata alama ya kiatu hakuna. Nikabonyeza, nikaingia, nikawasha, nikaondoka zangu. Niligundua nilipofika kazini, nilipopitisha mkono nyuma ya siti nikapapasa zulia. Nikapapasa tena. Mtu akipotelewa na kitu hupapasa pale pale mara tatu, utadhani kompyuta imejibanza kwa aibu.

Nikarudi mbio kwa mlinzi. Akaniuliza, "Mzee, kioo kimevunjwa?" Hapana. "Kitasa kimeharibiwa?" Hapana. "Basi labda mkoba uliusahau nyumbani." Alilisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionikera zaidi. Watu wa bima nao wakaniuliza yale yale kwa maandishi: alama za kuvunja ziko wapi? Kama hakuna alama, gari lilikuwa wazi. Kama lilikuwa wazi, uzembe ni wako. Nikapiga meza. Nikasema nilifunga, nina uhakika nilifunga! Kumbe sikufunga. Nilibonyeza tu.

Tuangalie kilichotokea, kwa sababu wengi wanafikiri huu ni uchawi. Rimoti ni redio ndogo. Katika nchi nyingi za Ulaya na Afrika inaongea na gari kwenye masafa ya megahezi 433.92, Marekani na Japani megahezi 315. Nguvu yake ni ndogo mno, betri yenyewe ni kama kifungo cha koti. Akiwepo mtu kwenye gari la pili ana kidude kinachopiga kelele kwenye masafa hayo hayo, gari lako halisikii kitu. Ni sawa na kumnong'oneza mtu huku mwingine anapiga ngoma sikioni mwake. Wewe umebonyeza, kitufe kimeshuka, hata kitaa cha rimoti kimewaka. Gari halina habari. Ukishapotelea kwenye mlango wa jengo, yule bwana anashuka, anafungua mlango kama mwenye gari, anachukua chake, anafunga. Tena anafunga kwa adabu kukushinda wewe.

Hapo ndipo huwa nasikia mtu ananong'ona: "Gari langu ni jipya, msimbo wake unabadilika kila ukibonyeza." Ni kweli, msimbo, yaani namba ya siri ambayo rimoti hulitumia gari, unabadilika. Umewekwa hivyo ili mwizi akirekodi msimbo wa leo asiutumie kesho. Lakini hapa hakuna kilichorekodiwa. Gari halikusikia msimbo wa zamani wala mpya. Na hata huko kwenye kurekodi hatuko salama sana: mwaka 2015 mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Samy Kamkar, alionyesha hadharani kifaa kinachozuia msimbo wa kwanza na kuuhifadhi. Dereva akibonyeza tena, kinauzuia na wa pili, kisha kinalirushia gari ule wa kwanza. Gari linafunga, dereva anaridhika, na kifaa kimebaki na msimbo ambao haujatumika. Kwa hiyo rimoti ikigoma mara ya kwanza ikakubali ya pili, usiishukuru betri. Hamisha gari, ukaegeshe upande mwingine.

Mwingine atasema, "Pengine si mwizi, ni mitambo ya jirani inaingiliana." Inawezekana kabisa. Mageti ya umeme na vifaa vingine vingi vinatumia masafa hayo hayo. Sasa kuna tofauti gani? Aliyeziba sauti awe mwizi au awe geti, mlango wako uko wazi vilevile.

Dawa yake haigharimu kitu. Funga ukiwa umesimama karibu na mlango, simu iko mfukoni. Tazama indiketa ziwake, sikiliza loki zishuke. Kisha vuta kitasa. Cha mlango wako, na cha nyuma pia kama una watoto, maana mtoto hufungua mlango wakati wewe unatafuta sarafu za kulipia. Vuta na buti.

Nangojea mtu aniulize swali gumu na naona hamniulizi, kwa hiyo nitajiuliza mwenyewe. Magari yanayofunguka ufunguo ukiwa mfukoni tu, ukivuta kitasa si unalifungua? Naam! Hapo ushauri wangu unageuka kichekesho, na kuna bwana mmoja aliwahi kunisimamisha na kuniambia hivyo mbele ya watu. Alikuwa sahihi. Baadhi ya magari hayo hukuachia sekunde chache baada ya kufunga ambazo ukivuta kitasa hakifunguki, ili upate kuhakikisha. Soma kitabu cha gari lako, kile kilicholala kwenye droo ya dashibodi na plastiki yake. Kama lako halina hiyo, mpe mwenzako ufunguo asogee mbali, wewe ndiye uvute. Uko peke yako? Basi tazama saiti mira zijikunje mbele ya macho yako, na usikie loki.

Na hayo magari yana ugonjwa wake mwingine. Gari linatuma mawimbi ya redio ya masafa ya chini yanayofika mita chache tu kuutafuta ufunguo, ufunguo ukiyasikia unajibu. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich cha Uswisi, Francillon, Danev na Capkun, waliyajaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8. Waliweka vifaa viwili, kimoja karibu na gari, kingine karibu na mwenye ufunguo, vikawa vinapokezana mawimbi. Magari yote yalikubali kufunguka na kuwaka. Hakuna msimbo uliovunjwa, gari limeambiwa tu kwamba mwenyewe yuko hapa, likaamini. Watengenezaji wengi sasa wameweka ufunguo unaolala usingizi usipotikisika. Vizuri sana, ukiwa umeutundika ukutani nyumbani. Ukiwa dukani unatembea nao mfukoni unatikisika muda wote, uko macho, unajibu kila anayeita. Na anayeita anaweza kuwa yule kijana mwenye begi aliyepanga foleni nyuma yako. Kuna vifuko vyenye utando wa chuma vinavyozuia mawimbi. Nunua, lakini ukijaribu kwanza: tia ufunguo ndani, usimame karibu na gari, vuta kitasa. Mlango ukifunguka, umenunua pochi.

Aa, dada amerudi. Vipi? Lilikuwa limefungwa. Alhamdulillahi. Na naona umerudi na mkoba ambao hukutoka nao humu. Sikuwa nimesema neno kuhusu mkoba. Tumeelewana.

Basi tuende huko kwenye mikoba. Mwizi wa maegesho ana haraka. Kioo cha mlango wa gari kimetengenezwa ili kipasuke vipande vidogo visivyokata, na kikishapasuka kinaanguka chote kwa mara moja. Ni sekunde chache tu. Kwa hiyo kabla ya kuvunja anataka kujua kama inalipa, na sisi ndio tunaomjulisha. Tazameni watu wanapofika. Anaegesha, anashuka, anafungua mlango wa nyuma, anatoa begi la kompyuta, analizungusha hadi kwenye buti, analilaza, analifunika na koti, anafunga buti, anaondoka ametulia. Amefanya kosa gani? Amewaonyesha wote waliokaa pale stoo iko wapi na ndani yake kuna nini! Kificho hufanyika ulikotoka, kabla hujawasha gari. Ukifika unashuka mikono mitupu.

Halafu kuna zile dalili ndogo. Waya wa chaji unaoning'inia, kishikio cha simu kwenye kioo, au ukikitoa kishikio, ile alama ya duara pale kilipokuwa kimeganda. Koti lililotandazwa sakafuni kwa namna ambayo hakuna mtu hutandaza koti. Hata tiketi ya maegesho uliyoiweka mbele ya kioo kwa sababu umeagizwa, imeandikwa saa utakayorudi. Hilo huna namna, ni sheria yao, lakini ujue kwamba na mwizi anasoma. Kitu ambacho hakitakiwi kabisa kubaki ndani ni karatasi zenye anwani ya nyumbani zikiwa pamoja na rimoti ya geti. Anayevichukua hivyo viwili haji tena kwenye maegesho.

"Langu bovu, nani atalitaka?" Huyo yupo kila mahali. Mwaka 1963 Ujerumani Magharibi iliagiza magari yote, mapya na ya zamani, yawe na kufuli la usukani, na wizi wa magari ukashuka. Uingereza ilipoanza mwaka 1971 iliagiza kwa magari mapya tu. Wezi wakahamia kwenye ya zamani. Kwa hiyo ndugu yangu mwenye gari bovu, jirani yako anavyozidi kujihami ndivyo wewe unavyozidi kupendwa.

Naambiwa dakika tano. Nilikuwa na mengi juu ya wapi pa kuegesha, nitayakimbiza. Kamera: mwaka 2019 watafiti wa uhalifu Piza, Welsh, Farrington na Thomas walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za usalama, na maegesho ndiko zilikoonyesha faida kubwa kuliko kwingine, uhalifu ulipungua kwa takribani asilimia 37. Msiondoke na hiyo namba peke yake. Zilisaidia zaidi palipokuwa na mtu anayezitazama na palipokuwa na hatua nyingine pamoja nazo. Kamera ambayo mkanda wake unatazamwa keshokutwa itakuonyesha tu mwizi wako alivaa kofia ya rangi gani. Ile ya pale nilipoibiwa ilionyesha kofia.

Egesha penye watu wanaopita kwa miguu, penye taa, karibu na kibanda cha mlinzi au mlango wa kuingilia. Kona ya mwisho yenye nguzo kubwa, ile tunayoikimbilia ili gari lisikwaruzwe, mwizi naye anaipenda, maana anafanya kazi bila kuonekana. Wanaoacha gari kwenye kituo cha basi au treni asubuhi na kurudi jioni, kila siku, saa ile ile, wawe waangalifu zaidi, kwa sababu ratiba yao inasomeka. Kufuli la chuma la usukani, lile linaloonekana kwa nje, bado lina kazi, vijana mnalidharau bure. Kibao cha "unaegesha kwa dhamana yako mwenyewe" kisomeni kabla, si baada. Ya bima na ya kifaa cha kufuatilia gari tunayaacha, kila moja ni mada yake.

Ukirudi ukakuta kioo kimevunjwa, usiingie ukaanza kupangusa siti. Piga picha kwanza, ita mlinzi aone, nenda polisi upate namba ya taarifa, na zuia kadi za benki palepale, ndipo umpigie mkeo au mumeo. Najua mnafanya kinyume.

Mwenyekiti amesimama, nimekwisha. Maswali tuanze na yule baba aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kifuko cha chuma, halafu wewe kijana uliyekuwa unajikuna kichwa.