Sindano haigusi jalada

Ndugu zangu, nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: kunyamazisha jeni, yaani kuzuia maagizo yake yasitekelezwe kama zifanyavyo dawa fulani za sindano, si kubadilisha jeni.

Chukueni ua la petunia. Mwaka 1990 watafiti huko Marekani walieleza walivyotaka zambarau iliyokolea zaidi, wakauongezea mmea nakala ya jeni ya rangi. Maua mengine yakachanua meupe pe, mengine yana mabaka, nyeupe na zambarau kwenye petali moja. Umeongeza rangi, rangi imetoweka! Wala jeni haikupotea. Iko palepale, ila ujumbe wake ulikuwa unachanwachanwa njiani. Mwaka 1998 wanasayansi Andrew Fire na Craig Mello wakaonyesha kwa minyoo kwamba kinachoamsha uchanaji huo ni RNA, molekuli jamaa ya DNA, ikiwa ya nyuzi mbili. Mwaka 2006 wakapewa Nobel.

Jeni ni jalada lililofungiwa masijala, ndani ya kiini cha seli. Kinachotoka nje ni nakala, RNA mjumbe, yenye maagizo ya kutengeneza protini. Dawa za kunyamazisha jeni, vipande vya RNA vya herufi kama 21 tu, huikamata nakala hiyo ikakatwa. Jalada halijaguswa.

Kuna mama aliwahi kuniuliza: "Mwanangu akichomwa hiyo sindano, wajukuu zangu watairithi?" Hapana, mama. Tazama inklisirani, ya kushusha kolesteroli mbaya. Unachomwa chini ya ngozi, unarudia baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita. Kwa nini urudie? Kwa sababu dawa ikipungua, ini linatoa nakala nyingine na protini inarudi. Ingekuwa inabadilisha jeni, ungechomwa mara moja, basi.

Na msiniambie haya ni ya wazungu. Nani hapa hana mzazi aliyeacha vidonge vya presha kwa kuwa "najisikia vizuri"? Sindano ya presha ya namna hii, zilebesirani, imo kwenye majaribio.

Muda umenitupa mkono. Kwa nini sindano hizi mbili hulenga ini? Molekuli zake huunganishwa na sukari ambayo seli za ini huivuta. Ubongo ni mgumu kufikika, hilo nitaliruka.

Ila bei siiruki. Patisirani, ya kwanza kuidhinishwa, mwaka 2018, kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu mishipa ya fahamu, ilitangazwa Marekani kwa dola 450,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mkitaka kunibana kwa maswali, nibaneni hapo.