Kiolezo au Waraka wa Kujitungia?

Ndugu zangu, nianze na neno moja: "Haihusiki." Niliwahi kukabidhiwa waraka wa kueleza mfumo wa kompyuta, kurasa arobaini, na neno hilo limekaa chini ya kichwa baada ya kichwa. Aliyeuandika hakuwa mvivu, la. Alipewa kiolezo, yaani waraka wenye vichwa vilivyokwisha kupangwa, cha mradi mkubwa ilhali yeye ana programu ndogo ya kutuma ujumbe, basi akajaza kama mtu anayejaza fomu. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: kwa nini foleni ya ujumbe, ule unaongoja kutumwa, inafutwa kila usiku? Halikuwemo. Kiolezo hakikuuliza.

Msije mkadhani nimekuja kuvisema vibaya violezo. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa Novemba 1971, ulifuata mpango mmoja kwa kila amri: jina lake, namna ya kuiandika, maelezo, na kuelekea mwisho, sehemu ya hitilafu. Hiyo ya hitilafu ndiyo inayonifurahisha. Nani kati yetu angekaa akaandika kasoro za kazi yake mwenyewe asipoulizwa? Na msomaji naye, akishazoea ukurasa mmoja, kwenye kurasa nyingine zote jicho linajua pa kutua.

Kwa hiyo mimi sichagui kwa mradi, nachagua kwa waraka. Hatua za kufufua seva, kompyuta inayowahudumia watumiaji, iliyoanguka saa nane za usiku? Kiolezo, bila mjadala. Anayesoma ana usingizi na hofu. Hahitaji ufundi wako wa lugha. Maelezo ya amri na vigezo vyake, vivyo hivyo. Lakini ukitaka kumweleza mgeni kwa nini mfumo wenu una hifadhidata mbili zinazofanana, hapo hakuna kiolezo kitakachokuokoa. Kaa chini, utunge.

Katikati pana kitu kizuri. Mwaka 2011 Michael Nygard, mtaalamu wa programu, alipendekeza kumbukumbu fupi za maamuzi ya usanifu wa programu: kichwa, hali ya uamuzi, muktadha, uamuzi wenyewe, na matokeo yake. Ukurasa mmoja au miwili, basi. Vichwa ni vile vile kila mara, ila muktadha huwezi kuunakili kutoka kwa jirani. Na matokeo ni pamoja na yale machungu.

Mtaniuliza, kiolezo tukitoe wapi? Wengi hupakua cha watu wengine siku ya kwanza, na hapo ndipo zile "Haihusiki" zinapozaliwa. Andikeni nyaraka mbili tatu kwa mikono yenu kwanza. Vichwa vitakavyojirudia vyenyewe, hivyo ndivyo vyenu. Na kichwa kikikaa kitupu mradi baada ya mradi, kifuteni, hakuna atakayelia.

Zile kurasa arobaini? Tulizipunguza zikabaki nne. Wa kwanza unaanza na ile foleni.