Kabla ya kujichoma, papasa

Mbukwenyi! Neno langu mnalijua. Nimelisema Majengo, nimelisema Chang'ombe, na leo hapa Kizota nalirudia: kabla ya kujichoma insulini, ile dawa ya kushusha sukari mwilini, papasa ngozi.

Kuna mama alitufikia kutoka Kongwa, sukari iko juu, dozi imeshaongezwa na kuongezwa tena. Kila mhudumu alimhoji habari za ugali. Hakuna aliyemwambia afunue tumbo. Nikamwomba alegeze khanga. Kushoto na kulia kwa kitovu, vinundu viwili, ukivibonyeza vinanesa. Akaniambia, "Mwanangu, nachoma hapo kwa sababu hapaumi." Hapawezi kuuma! Ukichoma palepale kila siku, insulini inakuza mafuta ya chini ya ngozi, ganzi inaingia, na dawa haisharabiwi kwa mpangilio. Leo inachelewa, kesho inakushusha sukari ghafla. Halafu tunamlaumu mama wa watu kwa ugali!

Ila msitoke hapa mkahamisha sindano na dozi ileile. Ngozi isiyo na kinundu inapokea dawa vizuri, sukari inaweza kushuka mpaka ukazimia. Mwone daktari kwanza, na upime mara nyingi zaidi siku hizo.

Najua kuna mtu anasema moyoni: mimi nimezaa, tumbo zima lina michirizi, nichome wapi? Mwanangu, michirizi si uchafu wala aibu. Ni kovu: ngozi ya kati ilivutwa haraka ikachanika. Iruke kama unavyoruka kovu lolote, choma palipo laini katikati yake, au hamia mapajani. Kitovu kiache kama sentimita 5, na kila sindano isogee upana wa kidole kutoka ile ya jana. Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi, michirizi hayaifuti. Na wanaopaka mkorogo, nawasihi muache: nyingi ya krimu hizo zina steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zinakondesha ngozi, na zenyewe zinaleta michirizi.

Muda umenibana. Sindano moja, mchomo mmoja, na hakuna kuazimana hata na mumeo. Kwa joto hili la Dodoma, asiye na friji aweke chupa kwenye mtungi wa udongo, kivulini. Wenye vinundu msiondoke. Kina mama pitieni chumba cha kushoto, kina baba cha kulia, tuwapapase sasa hivi.