Fundi hakuwepo kwenye kikao

Mnanisikia huko nyuma? Haya. Mi sitaanza na maana ya uongozi wala aina za mameneja, hizo mtasoma wenyewe. Nataka niwaambie habari ya daftari moja.

Kuna mahali niliwahi kufanya kazi, jina sitalitaja, nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kufungasha bidhaa. Tulikuwa na fundi wa matengenezo, mtu mzima, na kila asubuhi mashine zikishawashwa alikuwa anazizungukia moja moja, anaweka kiganja pale penye beringi, kile kipande kinachoshikilia shafti izunguke vizuri, anatulia kidogo kama mzazi anayepima homa ya mtoto, alafu anaandika kwenye daftari. Ndo hivyo tu. Ukimwangalia kwa mbali ungesema huyu mtu anatembea tu.

Ukaja uongozi mpya, na ukaja na kupunguza gharama. Kwenye kikao ikawekwa ripoti mezani, inaonesha mashine hazijapata hitilafu kubwa kwa miezi 14. Mmoja akauliza, sasa kama haziharibiki huyu fundi tunamlipa kwa kazi gani? Na watu wakaitikia kwa vichwa. Yaani kazi yake ilivyokuwa nzuri ndo ikageuka ushahidi wa kumwondoa! Na mi nilikuwepo pale. Nilijua kabisa kwa nini mashine haziharibiki, nilikuwa namwona kila siku kwa macho yangu, ila nilikodolea karatasi yangu mpaka ajenda ikapita. Ikaamuliwa kuanzia hapo mashine itatengenezwa ikishaharibika, ataitwa fundi wa nje. Kama wiki sita baadaye beringi ya mkanda mkubwa ikakwama, shafti ikapinda, na shafti yenyewe stoo haikuwepo, ikabidi iagizwe. Tulisimama siku 11.

Sasa kazi ikiharibika hivi wafanyakazi husema bosi hana akili. Mi nakataa. Wale watu kwenye kile kikao walikuwa na akili, wengine wamesoma kuliko mimi. Shida ni kwamba waliokuwa wanaamua walikuwa na ripoti, na aliyekuwa anajua hakuitwa, na mimi niliyekuwa katikati, ninayejua nusu yake, nikanyamaza. Ukifuatilia maamuzi mengi mabaya ya kazini utaikuta picha hiyohiyo, kwamba kuna mtu alijua, tena mara nyingi alishasema, neno lake likaishia njiani.

Chukua Challenger, kile chombo cha anga cha Marekani. Wengi mnakumbuka mlipuko, lakini mimi naomba mtazame usiku uliotangulia, tarehe 27 Januari 1986. Mainjinia wa kampuni ya Morton Thiokol, ndo waliotengeneza zile roketi za pembeni, wako kwenye simu ya pamoja na watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wanasema kesho msirushe, baridi ni kali mno. Hofu yao ilikuwa ile mipira ya duara inayoziba maungio ya roketi, mpira ukipoa unakuwa mgumu na unachelewa kujibana. Na hawakuwa wanabahatisha, mwaka mmoja kabla chombo kilirushwa kwenye nyuzijoto 12 hivi na baadaye wakakuta masizi meusi yamepenya kwenye mipira. Kwaiyo wakashauri chini ya hapo msirushe. Asubuhi ilitarajiwa kuwa baridi kuliko hapo kwa mbali sana.

NASA wakapinga. Mabosi wa Thiokol wakaomba wakae pembeni wenyewe kwa wenyewe, kama nusu saa hivi. Na hapa ndo pa kusikiliza kwa makini. Mkubwa mmoja akamwambia mkuu wa mainjinia avue kofia ya uinjinia avae kofia ya umeneja. Kura ikapigwa na mabosi peke yao, mainjinia wamekaa pale pale chumbani na hawaulizwi. Simu ikarudi, jibu limegeuka, rusheni. Kesho yake chombo kikadumu sekunde 73 hewani, watu saba wakafa.

Tume iliyochunguza, ya William Rogers, ikakuta kitu ambacho mimi huwa kinaniuma kila nikikifikiria: wakubwa waliotoa idhini ya mwisho ya kurusha hawakuwa na habari kwamba mainjinia walikuwa wamepinga. Neno lilikuwepo, limesemwa usiku uleule, limesemwa na watu wenye data mkononi, lakini lilipopanda ngazi likabaki njiani. Alafu kuna hili la swali kugeuzwa. Siku zote aliyetaka kurusha ndo alitakiwa aoneshe kwamba ni salama. Usiku ule mainjinia wakajikuta wao ndo wanadaiwa waoneshe kwamba kitalipuka. Hebu angalia vikao vyenu mle kazini, mara ngapi mwenye wasiwasi ndo anabebeshwa ushahidi wote, na mwenye haraka haulizwi kitu?

Tumekua tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyumbani ni sawa. Kazini nimeona mara nyingi mkuu ndo asiyesikia, na guu linalovunjika ni la mwingine kabisa.

Circuit City nitaipitia haraka. Duka kubwa la vifaa vya umeme Marekani, mwaka 2007 likawaachisha kazi wauzaji kama 3,400 kwa sababu moja tu, mishahara yao ilikuwa juu, ili waajiriwe wa bei nafuu. Sasa muuzaji anayelipwa juu ni nani? Ni yule mzoefu, anayeweza kukueleza tofauti ya televisheni mbili ukaelewa. Novemba 2008 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi, yaani madeni yameishinda inaomba mahakama iikinge na wanaoidai, na 2009 maduka yakafungwa. Sisemi uamuzi ule peke yake ndo ulioiua, ushindani ulikuwepo na uchumi ulikuwa umeanguka. Ila ukiondoa wajuzi wako wakati mambo magumu yanakuja, utapambana na nini?

Na kuna targeti. Hii nataka nikae nayo kidogo kwa sababu inaumiza watu wengi mno. Benki ya Wells Fargo iliwabana wafanyakazi wa matawi wauze huduma nyingi kwa kila mteja, lengo lilikuwa nane. Mteja wa kawaida anahitaji huduma nane za benki za nini? Mfanyakazi wa dirishani alilijua jibu tangu siku ya kwanza. Lakini asipofikisha anasemwa, anatishiwa kazi, kwaiyo watu wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ikatozwa dola milioni 185, na ikasema kwa miaka kama mitano imefukuza watu 5,300 hivi kwa makosa hayo. Jamani, ukifukuza watu elfu tano kwa kosa lilelile, hapo bado unatafuta mfanyakazi mbaya mmoja mmoja, au uende ukamtafute aliyeandika lile lengo? Mkurugenzi mkuu alikuja kuondoka mwaka uleule, lakini waliotangulia kuumia ni wale wa chini waliokuwa wanalia chooni mwisho wa mwezi. Nasema chooni kwa sababu hata nilikofanya kazi mimi ndiko walikokuwa wanalilia.

Mtaniuliza, tufanye nini. Mi ninayoyafanya ni machache. Nikiongoza kikao sitangulii kusema ninachotaka, maana bosi akishasema "naona tufanye hivi, kuna mwenye swali?" hapo ameshafunga mlango, hakuna atakayeuliza, ana watoto wa kulisha. Naanza na wa chini, namalizia mimi. Na kama tunaamua habari ya mashine, anayeishika yupo chumbani, akiwa zamu ya usiku tunasogeza kikao, hatumsogezi yeye. Toyota wana kamba kwenye laini ya kuunganisha magari, mfanyakazi ye yote akiona tatizo anaivuta, kiongozi wake anakuja, na lisipotatuliwa laini inasimama. Kamba ni kamba tu, mtu unaweza kuinunua leo. Kazi ipo kwenye kule kuja kwa kiongozi, anakuja na uso gani, kwa sababu akija amekunja ndita mara moja tu, kamba haitavutwa tena na ataambiwa kila siku kwamba mambo ni shwari.

Na akikatwa mtu kwenye bajeti, kabla hajaondoka kaa naye siku nzima, tembea naye, uliza kila anachokigusa anakigusia nini. Mara nyingi mtabadilisha uamuzi kabla ya saa sita mchana.

Sisi hatukufanya hivyo. Siku ya tisa ya kusimama nilimpigia simu yule mzee mwenyewe, nikamwomba msamaha, nikamwomba aje atusaidie kufunga shafti mpya. Akaja. Nilipofungua droo yake nimpe spana zake nikakuta daftari liko palepale, ukurasa wa mwisho ameandika kwa kalamu ya risasi: beringi ya pili ya mkanda mkubwa inapata moto, ibadilishwe kabla ya mwezi kuisha. Tarehe ni ya siku yake ya mwisho kazini. Akaniona nimelishika. Akauliza, "Kijana wangu, hilo mlilisoma?" Nikamwambia hapana mzee. Akavua saa yake, akaiweka juu ya daftari, akainama chini ya mkanda.